Kuwafuata washairi wa nyika, kutoka Brighton hadi Myall Creek

Jumamosi, Melbourne

Nguzo iliyosimama juu ya kaburi la Adam Lindsay Gordon imekatika kwa makusudi. Mchongaji aliikata juu akaivika shada, ikiwa ni ishara ya mtu ambaye maisha yake yaliishia njiani. Makaburi ya Brighton yako upande wa kusini wa jiji. Asubuhi ya leo, baridi ya Agosti ikiwa bado na meno, hapakuwa na mtu ila sisi wawili na kibarua mmoja aliyekuwa akifyeka majani.

Sisi wawili ni mimi na shemeji, kaka wa mke wangu, mtu wa Tanga ambaye riziki yake hapa ni kuendesha malori. Katika mashairi ya Kiingereza hajui ndewe wala sikio, na haoni haya kusema hivyo. Amekubali kuja kwa sababu yuko likizo, na kwa sababu hajawahi kufika Bourke. Madereva wenzake wakitaka kusema mahali fulani ni mbali kupita kiasi, husema pako nyuma ya Bourke. Mwenye safari ya washairi ni mimi. Nataka kuona walikozikwa na walikozika, maana washairi wa Australia ya kikoloni katika karne ya 19 waliandika habari za kufa nyikani kana kwamba hakuna habari nyingine.

Gordon ndiye wa kuanzia. Alizaliwa 1833 katika visiwa vya Azores, akalelewa Uingereza, akawa kijana mtundu hata baba yake akampakia meli mwaka 1853 aende Australia Kusini. Huko akawa askari wa farasi, kisha mfunza farasi, kisha mpanda farasi wa mashindano, na kwa muda mfupi hata mbunge. Macho yake hayakuona mbali, lakini alirusha farasi mahali ambapo wenye macho mazima hawakuthubutu. Mjini Mount Gambier kuna mnara mahali alipourukia uzio mwaka 1864, pembeni kabisa mwa shimo la volkano lenye ziwa chini yake.

Tarehe 23 Juni 1870 kitabu chake, *Bush Ballads and Galloping Rhymes*, kilitoka. Alikuwa ameshaambiwa kwamba madai yake ya urithi wa mali ya ukoo huko Scotland yameanguka, na gharama za kuchapa kitabu hakuwa na pa kuzitoa. Mshairi mwenzake Henry Kendall alimwonyesha uhakiki aliokuwa ameuandika wa kukisifu, wakanywa kwa vijisenti walivyokuwa navyo. Asubuhi iliyofuata Gordon alitoka nyumbani akaenda kwenye vichaka vya ufuko wa Brighton, akajiua. Alikuwa na miaka 36.

Katika kitabu hicho kuna shairi la mchunga ng'ombe mgonjwa, "The Sick Stockrider". Anamwambia mwenzake Ned amshushe kwenye farasi, amlaze kivulini. Hapo anaanza kuwataja wenzao wa zamani, mmoja mmoja, na kila mmoja alivyokufa. Mwisho anaagiza azikwe bondeni pale miwati inapotoa maua, bila jiwe na bila uzio, ili watoto wa ranchi wakija kuchuma maua juu yake huenda akawasikia wakicheza. Miwati hiyo ni ndugu wa ile tuliyoikuta Njombe tangu utoto wetu, ambayo kwetu ni ya kuni, magome na mkaa. Mbegu zake zilitoka huku. Mwezi huu imechanua kila upande, manjano tupu, nami nilishangaa mti niliozoea kuuona ukikatwa unavyopewa heshima ya kutungiwa mashairi.

"Shemeji," akasema mwenzangu akiitazama ile nguzo, "huyu si aliomba asiwekewe jiwe?"

"Aliyeomba ni mchunga ng'ombe wa kwenye shairi."

"Si ndiye yeye mwenyewe?"

Sikuwa na jibu zuri. Mwaka 1934 walimwongezea na sanamu ya kichwa katika kanisa la Westminster Abbey, London, kwenye kona ya washairi.

Jumapili, Daylesford na Ballarat

Tarehe 30 Juni 1867, Jumapili kama leo, watoto watatu wa kiume walitoka kucheza hapa Daylesford, mji wa wachimba dhahabu. Wawili walikuwa ndugu, wa miaka sita na minne. Wa tatu, mwenzao, alikuwa na mitano. Hawakurudi. Mamia ya watu waliacha migodi na maduka wakaingia msituni katika baridi ya usiku wa Juni, na hawakuona kitu. Septemba mbwa alirudi nyumbani na kiatu mdomoni. Watoto walikutwa katika uwazi wa shina la mti mkubwa, walikojibanza pamoja kutafuta joto. Kaburi lao liko hapa, na njia waliyodhaniwa kuipita imewekewa alama. Mtu anaweza kuitembea yote kwa miguu. Tulitembea kipande. Msitu wa mikaratusi una ubaya mmoja: kila upande unafanana na mwingine. Mtu wa Usambara au Njombe anajua mikaratusi ya kupandwa, iliyopangwa mistari. Hii haina mstari.

Mtoto aliyepotea porini ni jinamizi la koloni hili, na mashairi mengi yamemlilia. Lile lisilonitoka ni "Lost" la Banjo Paterson. Kijana anatoka na farasi mkorofi, baba anasema angekuwa ameshafika. Farasi anambamiza kwenye tawi la mti, kisha anakimbilia kundi la farasi mwitu. Wanaume wanatafuta hadi wanakata tamaa, mama hakati. Kila asubuhi anapanda farasi wake na kwenda, siku baada ya siku, hadi naye anakutwa amekufa huko nje, akiwa na tabasamu la mtu aliyekipata alichokitafuta. Paterson alipenda utani na mbio za farasi, na watu humkumbuka kwa hayo. Kwangu mimi, shairi hili lingetosha kumfanya mkubwa.

Ipo habari nyingine ya watoto, ambayo haikuishia kaburini. Mwaka 1864, magharibi zaidi katika eneo la Wimmera, watoto watatu wa ukoo wa Duff walipotea, na dada akavua gauni lake kumfunika mdogo wao usiku. Walipatikana wazima baada ya siku tisa. Waliowapata ni wafuatiliaji nyayo watatu wenyeji wa asili, mmoja wao akijulikana kwa jina la Dick-a-Dick. Walisoma majani yaliyokanyagwa ambayo walowezi waliyapita bila kuyaona. Nchi ilimsifu sana yule dada. Wafuatiliaji walitajwa, kisha habari ikaendelea.

Ballarat tulifika jioni. Gordon aliendesha hapa banda la farasi wa kukodisha nyuma ya Hoteli ya Craig's, ambayo ingali ikipokea wageni. Moto ukalipiga banda, biashara ikafa, na Aprili 1868 binti yake wa pekee, Annie, akafariki kabla ya kutimiza mwaka. Chai tuliyokunywa hapo ilikuwa ghali, na shemeji amenikataza kuandika bei.

Jumatatu, barabara ya Hume

Siku ya kuendesha tu. Tulichepuka mara moja kwenda Binalong, kijiji ambako baba yake Paterson amezikwa. Banjo mwenyewe alizaliwa 1864 karibu na Orange, akakulia Illalong, kando ya njia hii, akiona misafara ya maksai waliobeba pamba ya kondoo na waswagaji wakipitisha mifugo. Baadaye akawa wakili Sydney, na kutoka ofisini, kwenye vumbi la mjini, akaandika juu ya Clancy anayeswaga ng'ombe huku akiimba. Ndiyo maana nyika yake ina jua zuri. Aliyeingojea mvua mwaka mzima haiandiki hivyo.

Mwaka 1892 yeye na Henry Lawson walijibizana kwa mashairi katika gazeti la *The Bulletin* la Sydney. Lawson alisema nyika ni joto, nzi na wanawake waliochakaa. Paterson akamjibu kwamba afadhali abaki mjini, nyika haimpendi. Wasomaji wakagawanyika pande mbili. Miaka mingi baadaye Paterson alieleza kwamba wazo lilikuwa la Lawson, aliyemjia na kumwambia waandike kwa kupingana ili wote wawili wapate hela za gazeti. Shemeji amelipenda hilo kuliko mashairi yote niliyomweleza mpaka sasa. "Kumbe malumbano," akasema. "Haya nayajua."

Jumanne, Sydney

Makaburi ya Waverley yako juu ya jabali, na chini yake Pasifiki inapiga mawe bila kupumzika. Kendall na Lawson wote wako hapa.

Kendall, aliyezaliwa 1839 pwani ya kusini ya New South Wales, ni mshairi wa vijito na ndege wa bonde. Watoto wa shule wamekaririshwa shairi lake la ndege walio na sauti ya kengele kwa vizazi kadhaa. Mimi nilimjia kwa ajili ya "Araluen". Araluen alikuwa binti yake, aliyekufa akiwa mchanga Melbourne mwaka 1870, wakati wazazi hawana kitu. Shairi linaanza kwa kumwomba mke achukue ua, aliweke taratibu juu ya mimea laini palipolala mtoto, kwa kuwa wanaondoka mjini na kaburi litabaki peke yake kati ya wageni. Anajua kwamba hakuna atakayelipalilia. Maskini aliyehama anayaelewa maneno hayo bila mwalimu. Baada ya hapo Kendall alizama kwenye ulevi, akalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, hadi ndugu wawili wafanyabiashara wa mbao wa ukoo wa Fagan walipomchukua huko Gosford wakampa kazi na mahali pa kulala. Alifariki 1882.

Lawson alifariki Septemba 1922, akazikwa kwa heshima za serikali, waziri mkuu akihudhuria. Ni serikali zilezile zilizomfunga zaidi ya mara moja katika gereza la Darlinghurst kwa ulevi na kwa kushindwa kutoa fedha za matunzo ya watoto. Uso wake ukaja kuwekwa kwenye noti ya dola kumi mwaka 1966. Ilipobadilishwa 1993, akawekwa Paterson. Yaani hata kwenye pesa wamepokezana.

Mchana tulivuka daraja kwenda upande wa kaskazini, nikamweleza shemeji habari za Barcroft Boake. Boake ni mtoto wa Sydney aliyezaliwa 1866, akasomea upimaji ardhi, akaikimbia ofisi na kwenda kuswaga ng'ombe hadi Queensland. Desemba 1891 *The Bulletin* lilitoa shairi lake "Where the Dead Men Lie". Hakuna shairi jingine la nyika lenye hasira kama hilo. Wafu wamelala kila mahali huko ndani: kwenye mchanga wa jangwa, kandokando ya mito iliyokauka, wameuawa na kiu, na mifupa yao inapauka bila mtu wa kuifukia. Usiku wanaamka na kutembea. Beti ya mwisho inahamia mjini, kwa tajiri anayeitwa Moneygrub, mwenye ranchi zile, ambaye amekaa na glasi ya mvinyo. Boake anatwambia mvinyo ule umelipiwa na nini. Kila beti inarudi kwenye kibwagizo kilekile cha wanapolala wafu. Kibwagizo hicho kikikaa kichwani hakitoki. Kilinifuata hadi hotelini.

Mei 1892 Boake alikutwa amekufa kwa mkono wake mwenyewe kando ya ghuba ya Middle Harbour. Miaka 26. Kitabu chake kilitoka 1897, yeye hayupo.

Jumatano, Eurunderee

Karibu na mji wa Mudgee, kando ya barabara kati ya mashamba ya mizabibu, kuna jiko la moto la matofali lisilo na nyumba. Ndilo lililosalia katika nyumba alimokulia Lawson. Limejengewa ukuta na kuandikwa jina, basi. Baba yake, Niels Larsen, alikuwa baharia wa Norway aliyeacha meli kufuata dhahabu. Dhahabu haikumfuata.

Lakini hapa mtu wa kukumbukwa ni mama. Louisa Lawson alizaa watoto pacha wa kike, mmoja wao, Annette, akafariki mchanga. Mwaka 1878 gazeti la Mudgee lilichapisha shairi lake la kumlilia. Mwanawe alikuwa na miaka kumi na moja. Kwa hiyo kilio cha kwanza cha nyika alichokijua Henry hakikutoka kwa wachunga ng'ombe, kilitoka jikoni, kwa mwanamke aliyeandika baada ya kumaliza kazi zake. Baadaye Louisa alimwacha mume, akahamia Sydney, na mwaka 1888 akaanzisha *The Dawn*, gazeti la wanawake lililopangwa herufi na kuchapwa na wanawake, ingawa chama cha wachapaji kilimpiga vita.

Nadhani bila mama huyo tusingepata "Past Carin'", shairi la Lawson la mwaka 1899. Mwanamke anahesabu alivyofiwa na alivyopoteza: mifugo, mazao, watoto aliowazika, mume aliyekwenda mbali kutafuta kibarua. Kila beti inaishia kwa kusema ameshafika mahali ambapo hajali tena. Katika mashairi mengi ya enzi hiyo mwanamke yuko mlangoni anangojea. Katika hili anasema mwenyewe, wala halii. Nililisoma kwa sauti mbele ya lile jiko. Shemeji alinyamaza, kisha akasema mama yake mdogo alizungumza hivyohivyo mwaka ambao mnazi ulikufa wote. Tukaendelea hadi Gulgong kulala.

Alhamisi, njiani

Dubbo, Nyngan, kisha takribani kilomita mia mbili zilizonyooka hadi Bourke. Udongo unageuka mwekundu, miti inafupika. Malori yenye trela mbili tatu yanakuja mbele na kukupepesua. Kangaruu wengi tuliowaona walikuwa mizoga kandokando ya lami. Emu, ndege wakubwa kama mbuni, walikuwa hai, na wanakimbia kama watu waliochelewa basi. Shemeji anaendesha akiimba taarabu.

Ijumaa, Bourke

Septemba 1892 mhariri wa *The Bulletin*, J.F. Archibald, alimpa Lawson pauni tano na tikiti ya treni kuja hapa. Nia ilikuwa aione nyika yenyewe, kwa kuwa alikuwa akiisema sana. Wakati huo Bourke ilikuwa bandari ya mtoni: boti za mvuke zilipakia pamba ya kondoo na kushuka nayo mto Darling, ambao Wabarkandji, wenyewe wa mto, wanauita Baaka. Daraja la chuma la 1883, lililokuwa likiinuliwa katikati ili boti zipite, lingalipo huko North Bourke.

Lawson alipaka rangi nyumba, akanywa katika baa, akafanya kibarua kwenye banda la kunyolea kondoo la ranchi ya Toorale. Mwisho wa mwaka, katika joto kali, yeye na mwenzake mmoja walijitwika mablanketi wakatembea hadi Hungerford kwenye mpaka wa Queensland, zaidi ya kilomita mia mbili, na kurudi. Akiwa Hungerford alimwandikia shangazi yake barua kwamba watu huku wanatembea, wanaomba na kuishi kama mbwa. Hakurudi nyikani kama mtafuta kazi tena, lakini miezi ile michache ilimlisha kwa maisha yake yote ya uandishi. Shairi lake "Out Back" limetoka humo: kibarua anayetembea kutoka ranchi hadi ranchi, kazi hakuna, chupa ya maji imekauka, na anayekuja kumkuta ni mswagaji anayepita, muda mrefu baadaye.

Ila shairi lake ninalolipenda ni la kabla ya Bourke, "The Ballad of the Drover", la 1889. Kijana Harry Dale anarudi nyumbani baada ya kuswaga mifugo mbali sana. Ana mbwa wake, farasi wa kupanda na farasi wa mizigo, na vyombo vya mapishi vinagongana kwa mdundo wa safari. Mchumba anangoja. Mto umefurika, naye hana subira ya kungoja upungue. Anazama. Mbwa anarudi kumtafuta majini, naye anazama. Farasi wa mizigo peke yake anavuka na kuendelea na njia ya nyumbani, anapeleka taarifa asiyoweza kuitamka. Lawson alianza kupoteza kusikia akiwa na miaka tisa, na kufikia kumi na minne alikuwa kiziwi karibu kabisa. Hapo ndipo ninapomwona fundi: shairi zima linalia kwa vyuma vinavyogongana, na mtunzi ameyasikia hayo katika kumbukumbu tu.

Mchana shemeji alitaka kuswali Ijumaa. Msikiti unaotajika katika Bourke uko makaburini, nao ni kibanda cha mabati kinachotosha watu wachache. Uliachwa na wale walioitwa Waafghani, waongoza ngamia waliotoka nchi ambazo leo ni Afghanistan, Pakistan na India. Walibeba pamba, unga na nguzo za simu hadi mahali ambapo maksai walikufa kiu. Makaburi yao yako karibu hapo, yameelekezwa kibla. Shemeji alitandika koti lake akaswali rakaa mbili na kuwasomea Fatiha.

Katika mashairi ya nyika watu hawa ni wa kupita tu, na mara nyingi ni wa kuchekwa au kuchukiwa, kwa kuwa vyama vya wafanyakazi viliwaona ni washindani wa ujira. *The Bulletin*, lililowapa riziki Lawson, Paterson na Boake, lilikuja kuandika chini ya jina lake kwamba Australia ni ya watu weupe, na maneno hayo yalidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nayapenda mashairi haya, na nimeyasoma nikijua kwamba walioyachapa hawakunitarajia.

Kwenye makaburi hayohayo amelala Fred Hollows, daktari wa macho aliyefariki 1993. Alitibu wenyeji wa asili wa vijiji vya huku, kisha akaenda Eritrea kusaidia kuanzisha kiwanda cha lenzi za macho.

Jumamosi, kuelekea mashariki

Brewarrina tulisimama mtoni kutazama mitego ya samaki, kuta za mawe zilizopangwa na wenyeji katika mto Barwon tangu kale. Walgett mafuta. Moree usingizi. Siku ndefu.

Jumapili, Myall Creek

Kati ya Bingara na Delungra kuna kilima chenye njia ya kokoto nyekundu. Kando ya njia kuna mawe yenye vibao, kila kimoja na kipande cha habari, na mwisho wake ni jiwe kubwa linalotazama bonde. Tarehe 10 Juni 1838, watu kumi na wawili waliopanda farasi walifika ranchi ya Myall Creek jioni. Wenyeji wa kabila la Wirrayaraay walikuwa wamepiga kambi hapo kwa amani wiki kadhaa. Vijana wao wenye nguvu walikuwa wamekwenda ranchi ya jirani kubandua magome ya miti. Waliobaki walikuwa hasa wanawake, watoto na wazee. Wauaji waliwafunga kwa kamba wakawapeleka nyuma ya kilima, wakawaua kiasi cha watu 28. Baadaye walirudi kuchoma miili.

Wauaji hao walikuwa wachunga ng'ombe. Tangu Melbourne nimekuwa nikisoma mashairi ya kuwalilia wachunga ng'ombe. Hawa ni wa kizazi cha kabla ya akina Gordon na Lawson, lakini kazi ni ileile, farasi ni walewale, na nyika ni hiyohiyo ambayo baadaye ilipakwa mapenzi na majonzi. Kendall aliwahi kuandika juu ya mwenyeji wa mwisho wa kabila lake, aliyejikunyata akiwakumbuka wenzake. Ni shairi tamu, na linamfaa mlowezi sana, kwa kuwa ndani yake watu wamekwisha na hakuna aliyewaua. Watu hawajaisha. Kila Juni wajukuu wa Wirrayaraay wanakutana kwenye kilima hiki na wajukuu wa baadhi ya wauaji. Jiwe liliwekwa na pande zote mbili mwaka 2000.

Mshairi mmoja aliandika palepale. Eliza Hamilton Dunlop, mwanamke kutoka Ireland, alishuka Sydney Februari 1838. Tarehe 13 Desemba mwaka huohuo gazeti la *The Australian* lilichapisha shairi lake "The Aboriginal Mother". Wauaji saba walikuwa wameshahukumiwa, na siku tano baadaye wakanyongwa, huku magazeti na wenye mifugo wakipiga kelele kuwatetea. Shairi ni wimbo wa kubembeleza mtoto. Mama amekimbia na kichanga mgongoni usiku, anamwambia anyamaze, hawezi kumhudumia bado. Anamweleza kwamba kaka yake amekatwa kichwa miguuni pake, kwamba baba yake ameuawa kwa chuma cha Waingereza, kwamba hakuna wa kumfundisha ngao na mkuki. Mwanamuziki Isaac Nathan alilitungia muziki. Wengi walilikejeli. Dunlop hakujali, na mumewe alipopewa uhakimu Wollombi, alikaa na wenyeji wa huko na kuandika nyimbo na maneno yao kwa lugha yao wenyewe.

Kwenye gari shemeji alinitaka nimsomee lote, nikimgeuzia kwa Kiswahili beti kwa beti. Katika beti mbili za mwisho mama anasema mumewe amevuka mawingu akiwa na kijana wao aliyechinjwa, kwenda kusimama mbele ya Mungu wa Wakristo na kutoa habari: jinsi mikono iliyopeana urafiki ilivyorundika kuni, na jinsi wachunga ng'ombe walivyowasha moto wa watu.

"Kwa hiyo shahidi ni marehemu," akasema shemeji. "Wazima hawakuwepo?"

Alikuwepo. Kijana mwenyeji aitwaye Davey alifanya kazi kwenye ranchi hiyohiyo, na alimpeleka msimamizi, William Hobbs, mahali palipochomewa maiti. Aliyesimama kizimbani na kusema aliyoyaona jioni ile ni George Anderson, mfungwa mweupe aliyekuwa mlinzi wa kibanda. Davey hakupokelewa, kwa sababu shahidi alitakiwa ale kiapo mbele ya Mungu wa Wakristo, na yeye hakuwa Mkristo. Washtakiwa wanne waliobaki waliwekwa rumande ili Davey afundishwe kwanza maana ya kiapo. Ilipofika Februari 1839 Davey hakuonekana tena popote, nao wakaachiwa. John Fleming, mlowezi huru aliyeongoza kundi, hakushtakiwa kamwe.

"Na sheria hiyo?" shemeji akauliza.

New South Wales iliibadilisha mwaka 1876. Bi Dunlop alikuwa bado hai huko Wollombi, ana karibu miaka 80.